Mtihani Aliofaulu Alipokuwa Mgonjwa

Asubuhi moja ya mwezi wa tano, mwaka 1990, nilitoka nyumbani kwetu Buyenzi, Bujumbura, kwenda kununua mkate. Mbele ya duka palikuwa na lori linalopakiwa katoni za sabuni. Nikamuuliza dereva anakwenda wapi. Akasema Kigali. Nikamuuliza Kigali kukoje. Akasema, "Panda ukaone." Mkate niliula njiani.

Ndivyo nilivyoanza kazi ambayo nimeistaafu mwezi uliopita, ya kuhudumia wagonjwa wa akili. Siku ya kuniaga wakubwa walinipa saa ya ukutani, zawadi ya ajabu kwa mtu ambaye hana tena mahali pa kuwahi. Nyinyi vijana wa wodi mlinipa daftari na kuniambia niandike nilichojifunza. Vyeo sitavitaja, havikuwa vingi. Shule niliiacha darasa la sita, kwa sababu mwalimu alikuwa na jibu moja na mimi nilikuwa na maswali saba. Kwa hiyo mkikuta hapa jambo linalopingana na vitabu vyenu, ulizeni vitabu kwanza vilikuwa wapi siku hiyo.

Kigali nililala Muhima siku tatu, chumba cha wapakiaji mizigo, kisha nikasikia kuna kazi ya kubeba matofali Kinyinya. Wakati huo Kinyinya ilikuwa mtama, migomba na ukungu. Masista walikuwa wanaongeza chumba kwenye nyumba yao ya wagonjwa wa akili. Siku ya pili mgonjwa mmoja alikuja ukutani akaanza kunisimulia, kwa Kiswahili, habari za mama yake. Nikaweka tofali chini nikasikiliza. Nilipoinua kichwa, sista mkuu alikuwa amesimama nyuma yangu. Watu wote walimwita Masera Godeliva.

"Huyu ana mwezi mbili hapa," akasema. "Hajasema neno."

"Labda hajaulizwa kwa lugha yake, Masera."

Alinitazama kama mtu anayetazama nyanya sokoni. "Weye iko na akili?"

"Ndiyo, Masera."

"Nani amekupima?"

Akanipeleka kwenye chumba cha mwisho, akaniingiza, akafunga mlango kwa nje, akaenda zake. Nilikaa humo kama nusu saa. Dakika tano za kwanza nilicheka. Baada ya hapo nilianza kusikiliza ukorido, na kila funguo zilipolia mahali moyo wangu ulisimama kungoja kama ni zamu yangu. Alipofungua aliniuliza nimejifunza nini. Nikasema: funguo zina kelele.

"Basi shika hizi," akasema, akanipa shada zima. "Zishike kwa mkono, zisilie. Mgonjwa asikusikie ukija kama askari."

Huo ndio ulikuwa mtihani wangu wa kuingia kazini, na mpaka leo sijaona ulio bora. Wagonjwa wakaniita Bwana Funguo. Nyinyi mnaotembea ukoridoni mkizungusha funguo kidoleni kama mnachunga mbuzi, nilikuwa nawasikia.

Mwezi wa kumi mwaka uleule vita vikaanza mpakani, na mji mzima ukaingia katika kazi ya kupima watu. Vizuizi barabarani, kitambulisho mkononi, kabila limeandikwa. Wakati huo ujumbe wa majirani wa kilimani ulikuja kwa Masera na ombi: wagonjwa wafungiwe mchana na usiku, maana nyakati kama hizi watu wasio na akili wanaweza kudhuru watu. Walivua kofia, wakazungumza kwa zamu, wakashukuru kwa chai. Yaliyotokea mwaka 1994 siyafanyii mzaha, wala daftari hili halitoshi kuyasimulia. Nasema jambo moja tu. Katika wagonjwa wangu sikusikia hata mmoja aliyeinua panga. Kuhusu ule ujumbe wa wenye akili timamu, siwezi kusema hivyo.

Sasa nifike kwa fundi Saidi, maana ndiye aliyenisomesha. Ametangulia mbele ya haki miaka ya karibuni, kwa uzee, na binti yake amenipa ruhusa.

Saidi alikuwa fundi cherehani wa Biryogo, Mwislamu, mjane, na alikuwa na ugonjwa ambao nyinyi mnauita bipola. Sisi tulisema kupanda na kushuka. Aliletwa kwetu mwaka 1992, katikati ya Ramadhani. Aliacha vidonge vyake ili afunge, maana vile vidonge vinataka maji mengi mchana, na hakuna mtu aliyekaa naye kumweleza kwamba mgonjwa ana ruhusa ya dini asifunge. Andikeni hilo mahali: mgonjwa Mwislamu, mwezi kabla ya Ramadhani, zungumza naye, na ukishindwa mlete sheikh. Msingoje aje amefungwa kamba.

Yeye alikuja amefungwa kamba, futi ya kupimia nguo ikiwa bado shingoni. Alikuwa ameingia duka la kaka yake Idi, huko Muhima, akachukua jora zima la kitambaa cha kijivu, akatoa cherehani barabarani na kuwashonea wapita njia suruali bure. Watu walipanga foleni. Walipovaa wote, ndipo wakasema Saidi ni mwendawazimu.

Wakati huo tulikuwa na daktari wa mradi, Mzungu mpole, mwenye miguu mirefu, aliyekuja kuchunguza kama watu wa kupanda na kushuka wanaweza kutambua hisia za wenzao na kupambanua jema na baya. Alikuwa na sanduku lenye picha za nyuso na kadi za hadithi fupi. Mimi ndiye niliyekuwa mkalimani. Mgonjwa anaonyeshwa picha, anasema huyu ana hasira, huyu ana furaha. Kisha anasomewa hadithi, anasema mtendaji kafanya vema au vibaya, na mwenzake anajisikiaje.

Saidi alipimwa wiki ya kwanza, bado amepanda. Hakukaa kitini hata mara moja.

"Jirani anakuja kuazima baiskeli," nilimsomea. "Mwenye baiskeli hataki kuitoa, anasema imeharibika. Amefanya vema au vibaya?"

"Mwongo!" akapiga meza. "Mwongo mkubwa huyo! Amwambie usoni: baiskeli sikupi, na juzi uliirudisha haina breki! Na wewe Daktari, nani amekushonea koti hilo? Aliyekushonea ni adui yako. Bega moja liko Kigali, jingine liko Butare."

Daktari aliomba tafsiri. Nilimpa ile ya baiskeli. Akaandika kwa furaha. Picha nazo, Saidi alizipiga kama anaua nzi: hasira, uwongo, hofu, mwizi. Alipata karibu alama zote.

Miezi mitatu ikapita. Vidonge vikakaa mwilini, usingizi ukarudi, na Saidi tuliyekuwa hatujamjua akatokea: mtu wa taratibu, anayekunja shuka lake kwa pembe kamili, anayesimama mwanamke akipita. Alitushonea mapazia. Ndipo habari ya harusi ikaja.

Binti yake wa pekee, Mwamini, alikuwa ameposwa. Katika ndoa ya Kiislamu bibi harusi hutolewa na walii wake, na walii ni baba, kwa sharti awe na akili timamu. Akiwa hana, kazi inakwenda kwa baba mdogo au baba mkubwa. Baba mkubwa alikuwa Idi, yule mwenye duka, na Idi alikuwa ameshanunua kanzu. Alimwambia sheikh, kwa huzuni nyingi sana, kwamba kaka mtu hana budi kubeba mzigo huu. Sheikh hakuwa mtu wa papara. Akasema aletewe karatasi ya hospitali.

Saidi alinijia nikipanga vikombe. "Bwana Funguo, mimi sina kitu kingine duniani. Mama yake alipokufa nilimwahidi mtoto huyu nitamtoa kwa mdomo wangu. Unafikiri Daktari ataniandikia?"

"Umepona, fundi. Ataandika."

Nilisema hivyo kwa ujinga. Daktari alisema karatasi itatokana na kipimo. Akatoa sanduku lake.

"Jirani anakuja kuazima baiskeli," nikasoma.

Saidi alisikiliza mpaka mwisho, mikono juu ya magoti. "Amefanya vema," akasema.

"Kudanganya?"

"Angemwambia 'sikupi', jirani angeondoka na uso gani? Kesho wanakutana kisimani. Baiskeli haijaharibika, jirani anajua. Mwenye baiskeli anajua kwamba jirani anajua. Wote wameondoka na heshima zao. Ndiyo ujirani."

Watu wa huku wana neno lao, *ubupfura*, uungwana wa mtu kujizuia asimvue mwenzake nguo kwa maneno. Nilijaribu kumweleza Daktari. Akaandika sufuri mbili: moja ya kutojua baya, ya pili ya kutotambua kwamba jirani amedanganywa.

Picha zikaja. Mwanamke wa Kizungu anacheka meno yote nje.

"Huyu ana msiba," Saidi akasema.

"Kwa nini?"

"Anatabasamu sana."

Mwanamume aliyekunja uso: "Ana wageni nyumbani na chakula hakitoshi." Mwingine asiyeonyesha kitu, ambaye kwenye kadi aliandikwa hana hisia: "Huyu ndiye mwenye hasira. Mwogopeni." Mwishoni Daktari, ili kumfariji, alimuuliza kupitia kwangu anaonaje koti lake siku hizi. Lilikuwa lilelile.

"Ni koti zuri, Daktari. Linakufaa."

Alama zake zikashuka mpaka chini kabisa. Nilitazama karatasi mbili zile mezani, ya mwezi wa tatu na ya mwezi wa sita, na ndipo nikaelewa tulichokuwa tumefanya. Akiwa mgonjwa, adabu imemtoka, kipimo kilimwona mzima. Alipopona, adabu imerudi, kipimo kikamwona mgonjwa. Daktari alikuwa na maelezo yake, marefu.

Kwa udadisi wangu wa kuacha shule, jioni niliazima kadi nikazipeleka jikoni. Mpishi akafeli. Mlinzi wa lango akafeli. Nikampelekea Masera Godeliva mwenyewe.

"Amefanya muzuri," akasema kuhusu mwenye baiskeli, bila kuacha kuhesabu vidonge. "Kwani weye unataka agombane?"

Asubuhi nikampelekea Daktari majibu. "Kwa hesabu hii," nikamwambia, "nyumba nzima ni wagonjwa. Na Masera ni mgonjwa kuliko Saidi."

Akatabasamu. Mimi nikafikiri: ana msiba. "Hao hawamo katika utafiti," akasema. Na karatasi ya sheikh akaiandika: *uwezo wa mgonjwa wa kupambanua jema na baya una mashaka.* Lakini kwa kuwa alikuwa mtu wa haki, akakubali kumpima tena mara moja zaidi siku ya Alhamisi, kabla karatasi haijatumwa.

Basi nikafanya jambo ambalo kwa kanuni zenu za leo ningefukuzwa. Nilikwenda kwa Saidi nikafunga mlango. "Fundi, Alhamisi kila hadithi useme 'vibaya'. Kila jirani useme 'ameumia'. Anayecheka ana furaha. Basi. Utapata karatasi."

Akafikiri. "Daktari atafurahi?"

"Sana."

"Kwa hiyo nitamdanganya ili aandike kwamba mimi sidanganyi."

"Fundi, si ulisema uwongo wa adabu si kitu?"

"Ule ni wa kumfunika mwenzako. Huu ni wa kumvua." Kisha akasema jambo ambalo sijalikuta katika semina yoyote. "Na hata nikipata karatasi, Bwana Funguo, harusi ni mwezi wa nane. Leo mimi ni mzima. Siku ile, kwenye kile kiti cha walii, sijui atakaa nani. Ugonjwa wangu hauandiki barua kabla ya kuja. Nikipanda mbele ya watu wote nikamwambia mama mkwe habari za sura yake, Mwamini ataolewa na aibu." Akafuta macho haraka, kama mtu anayetoa vumbi. "Niitie sheikh. Na Idi. Kabla ya Alhamisi."

Walikuja Jumatano, baada ya adhuhuri. Idi alikuwa mtu mnene mwenye sauti ya kubembeleza, aliyemkumbatia ndugu yake huku akinitazama mimi kuona kama namwona. Tukakaa kwenye benchi za ua, Masera naye akaja na ushonaji wake.

"Pole, mdogo wangu," Idi akaanza. "Ni mapenzi ya Mungu. Mimi nitabeba."

"Ahsante, kaka. Sheikh, naomba kuuliza. Mwendawazimu anaweza kumweka mtu awe wakili wake katika ndoa ya binti yake?"

"Hawezi," sheikh akasema. "Asiye na akili hana cha kumkabidhi mtu."

"Na baba mwenye akili?"

"Anaweza. Amweke amtakaye."

"Na aliyekuwa mgonjwa akapona?"

"Akipona, haki yake inarudi."

"Basi niulize mimi, sheikh, uulizavyo wewe."

Sheikh hakuwa na sanduku. Alimuuliza leo ni siku gani, binti anaolewa na nani, mahari ni nini na ni ya nani, na kwa nini yeye mwenyewe asitake kumtoa. Saidi akajibu yote. La mwisho alilijibu kama alivyonijibu mimi, neno kwa neno, isipokuwa ya mama mkwe aliiruka.

"Ninataka kumtoa kuliko ninavyotaka kuishi," akamalizia. "Ndiyo maana nampa mtu mwingine sasa hivi, ninapoweza. Namweka kaka yangu Idi awe wakili wangu. Aseme: kwa niaba ya Saidi. Kaka, unakubali?"

Nimeona nyuso nyingi katika kazi hii, nyingine kwenye kadi. Ule wa Idi wakati ule haukuwa kwenye sanduku lolote. Akikataa, kiti kinampotea. Akikubali, amekiri mbele ya sheikh kwamba ndugu yake ana akili, maana uwakala huo umetoka kwa mwenye akili. Kitu alichokuja kukichukua kilikuwa kimewekwa mkononi mwake, kwa adabu, na hapakuwa na njia ya kukirudisha.

"Nime... nimekubali," akasema.

"*Yezu wanjye*," Masera akanong'ona, akimwita Yesu wake, akakata uzi kwa meno.

Daktari aliposikia, Alhamisi, aliona hakuna haja tena ya kipimo. Katika faili la Saidi nilikuta ameandika: *mgonjwa amejivua haki yake muhimu bila kulazimishwa, huenda ni dalili za kushuka.* Nimesoma maandishi mengi ya wasomi tangu hapo. Hilo bado linaongoza.

Harusi ilifika, na Saidi hakupanda wala kushuka. Sheikh alimnong'oneza kumuuliza kama anataka kiti chake cha walii. Akatikisa kichwa: neno ni neno. Akakaa safu ya pili, amevaa koti alilojishonea kwetu, na Idi aliposema mbele ya watu wote, "kwa niaba ya ndugu yangu Saidi," mdomo wa Saidi ulikuwa unatembea pamoja naye bila sauti. Mwamini alimwona. Mimi pia.

Baada ya karamu, Saidi akiwa ameruhusiwa kutoka kwetu na chumba chake cha Biryogo kimeshapangishwa mwingine, Idi alimkumbatia tena. Angependa sana akae kwake, alisema, ila nyumba imejaa wageni. Nilikuwa nimekiona chumba cha uani, kitupu.

"Umesikia?" nikamwambia Saidi njiani, nikiwaka.

"Nimesikia. Ni kama ya baiskeli." Akacheka. "Twende tutafute mahali."

Kesho yake asubuhi tulitoka Kinyinya bila kujua tunakwenda wapi, cherehani ikiwa imefungwa juu ya baiskeli ya masista. Tulibisha hodi nyumba nyingi. Kila mahali chumba kilikuwa kimechukuliwa jana. Alasiri tulikuwa tumefika Rebero, ambako sote wawili hatukuwahi kukanyaga, na tukamkuta mama mmoja mjane, Mama Felisita, anamenya maharage mbele ya nyumba ndefu ya matofali.

"Weye ni muntu gani?" akamuuliza Saidi.

"Fundi cherehani, mama."

"Ugonjwa iko?"

Nilifungua mdomo haraka. "Hana, mama, huyu ni—"

"Iko," Saidi akasema. "Karibu mara mbili kwa mwaka napanda. Silali, nasema sana, nashonea watu ambao hawakuomba. Halafu nashuka, sisemi kitu. Ukinisikia nashona kabla ya jogoo, mtume mtu kwa huyu."

Mimi ndiye niliyekuwa nimefundishwa naye kwamba mlangoni kwa jirani kuna uwongo wa adabu. Lakini mama huyu angelala ukuta mmoja naye. Nilielewa tofauti yake pale pale. Nikangoja Mama Felisita aseme chumba kimechukuliwa jana.

Alimenya maharage matatu, manne. "Iko chumba moja," akasema. "Lakini mlango yake inafungwa kwa ndani tu. Kwa nje hakuna kitu. Nilitaka kuweka, sikuweka."

Saidi akaingia, akafunga. Tukasikia komeo likipita. Likafunguliwa. Likapita tena. Likafunguliwa. Mara ya tatu.

Mama Felisita akanigeukia. "Mlango iko na shida?"

"Hapana, mama," nikasema, nikazikamata funguo mfukoni zisilie. "Anaupima."